Ninyi Nendeni, Huyu Abaki

SOMO LA WIKI KWA VIKUNDI VYA NYUMBANI

Andiko kuu: Mwanzo 37:18–28, 43:8–10, 44:14–34
Ya kusoma nyumbani: Luka 10:25–37, Waebrania 7:22, Waebrania 13:3
Wazo kuu: Mtekaji huanza kazi yake kwa kututenganisha. Mtu wa Mungu hakubali kununua usalama wake kwa kumwacha ndugu yake.



Tarehe 21 Desemba 2015, siku nne kabla ya Krismasi, basi kutoka Nairobi lilikuwa linakaribia mwisho wa safari yake ndefu ya kwenda Mandera. Karibu na El Wak, mahali ambapo pande zote mbili za barabara ni mchanga na miti ya miiba, watu wenye bunduki wa Al-Shabaab walilifyatulia risasi na likasimama. Ndani mlikuwa na abiria zaidi ya 60. Wengi wao walikuwa Waislamu, na wachache Wakristo. Amri ilikuwa fupi: jitengeni, Waislamu huku, wengine kule.

Kila abiria alijua maana ya amri hiyo. Mwaka mmoja tu nyuma, tarehe 22 Novemba 2014, basi lingine lilikuwa limesimamishwa alfajiri likitoka Mandera kuja Nairobi. Abiria wasio Waislamu walitengwa na 28 wakauawa. Wengi wao walikuwa walimu waliofunga shule na kuanza safari ya kuja nyumbani likizo. Halafu Aprili 2015 ikaja Garissa, chuo kikuu, watu 148 wakauawa, na pale pia wanafunzi waliulizwa dini yao kwanza. Kwa hiyo siku ile pale El Wak hakuna mtu aliyehitaji kuelezwa. Kutenganishwa kulimaanisha kifo kwa wengine na uhai kwa wengine.

Lakini wale waliopewa uhai waliukataa kwa bei ile. Wanawake Waislamu walikuwa wamewapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Walipoamriwa wajitenge, abiria Waislamu walikataa, wakasema kama ni kuua basi waueni wote, au waacheni wote. Watu wawili waliuawa siku hiyo. Wengine, Wakristo kwa Waislamu, walifika kwao. Mmoja wa waliokataa kujitenga alikuwa Salah Farah, mwalimu, naibu wa mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Mandera. Alipigwa risasi. Akiwa hospitalini alisema kwamba watu wanapaswa kuishi pamoja kwa amani kwa sababu ni ndugu. Mnamo Januari 2016 alifariki Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta alimtunuku nishani ya taifa akiwa ameshazikwa.

Sasa weka basi hilo kando kidogo, tutalirudia. Hebu fungua Biblia yako kitabu cha Mwanzo, kwa sababu hadithi ya mtekaji, mateka na barabara ya jangwani haikuanzia El Wak. Ilianzia Dothani.

1. UTEKAJI NI BIASHARA, NA HUANZA NA SWALI LA FAIDA

Yusufu alikuwa na miaka 17 (Mwanzo 37:2). Ndugu zake walimvua kanzu yake, wakamtupa ndani ya shimo lisilo na maji. Halafu angalia mstari wa 25: wakaketi kula chakula. Ndugu yao yuko shimoni, na wao wanamega mkate. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hapa ni zaidi ya hapo. Mwenye njaa anamlilia mwenye shibe kwa jina, na mwenye shibe anaendelea kutafuna.

Wakiwa wanakula, msafara ukatokea kutoka Gileadi: ngamia wamebeba manukato, zeri na manemane, wanateremka kwenda Misri. Hapo ndipo Yuda akafungua mdomo. Soma mstari wa 26. Yuda anauliza itawafaa nini, yaani watapata faida gani, wakimuua ndugu yao. Afadhali auzwe. Bei ikakubaliwa, vipande 20 vya fedha.

Wale tuliosoma mambo ya biashara tunalitambua swali hilo mara moja. Ni swali zuri kama bidhaa ni viazi. Ukiwa sokoni Kiirua na gunia lako ni lazima uuliize nitapata nini nikiuza leo, na nitapata nini nikingoja wiki ijayo. Lakini Yuda alilitoa swali hilo sokoni akalipeleka kwenye damu yake mwenyewe. Mtekaji yeyote, wa zamani au wa leo, hufanya kitu hicho hicho. Anachukua mtu mwenye jina, mwenye mama, na kumgeuza kuwa kitu chenye bei. Ndiyo maana Sheria ya Musa ilimhukumu mwizi wa watu adhabu ya kifo (Kutoka 21:16), na Paulo akawaweka waibao watu kwenye orodha moja na wauaji (1 Timotheo 1:9–10).

Ili biashara hiyo iwezekane, kuna jambo moja la lazima: mateka atengwe kwanza. Yusufu aliyeketi katikati ya ndugu zake hauziki. Yusufu aliye peke yake shimoni anauzika.

2. SAUTI YA MATEKA

Ukisoma sura ya 37 yote utaona jambo la ajabu. Tangu aliposhikwa, Yusufu haongei. Hakuna neno lake hata moja. Unaweza kufikiri alinyamaza kimya mpaka Misri. Kumbe sivyo. Ruka hadi sura ya 42:21, zaidi ya miaka 20 baadaye. Ndugu zake wako matatani Misri, na wanaambiana wenyewe kwa wenyewe kwamba waliona taabu ya nafsi yake alipokuwa akiwasihi, na hawakusikia.

Kwa hiyo alilia, tena aliwasihi. Sauti ile haikuandikwa katika sura ya 37 kwa sababu hakuna aliyetaka kuisikia, lakini ilibaki ndani ya masikio yao miaka yote hiyo. Mpendwa, ukimwacha mtu shimoni, kilio chake unarudi nacho nyumbani.

Na ile safari yenyewe? Biblia haituambii Yusufu alilala wapi, alipewa maji na nani, au alitembea nyuma ya ngamia gani. Tunajua tu alikotoka na alikofika. Katikati ni jangwa na ukimya. Familia nyingi zinaujua ukimya huo. Novemba 2008 watawa wawili wa Kiitaliano walichukuliwa usiku hapo hapo El Wak, wakavushwa mpaka hadi Somalia. Walikaa mateka zaidi ya miezi mitatu, wakaachiliwa Februari 2009. Tarehe 12 Aprili 2019 madaktari wawili kutoka Kuba walikamatwa Mandera wakienda kazini asubuhi, na askari aliyekuwa akiwalinda akauawa. Walikuwa wamekuja kutibu wagonjwa wa Kenya. Miaka ikapita, na kule kwao watu wao wakabaki wakingoja habari.

Waebrania 13:3 inatuambia tuwakumbuke waliofungwa kana kwamba tumefungwa pamoja nao. Angalia neno hilo, pamoja. Maombi ya kweli kwa mateka hukataa kuutambua ule mstari ambao mtekaji amechora. Unasema: umemchukua, lakini hujamtenga na sisi.

3. YUDA ANAJIFUNZA MAANA YA REHANI

Tukiishia sura ya 37 tutamchukia Yuda tu. Lakini Roho Mtakatifu hakuishia hapo, na sisi tusiishie hapo.

Katika sura ya 38 Yuda anazika watoto wawili. Yule aliyemletea baba yake kanzu yenye damu sasa anajua kaburi la mwana ni kitu gani. Katika sura hiyo hiyo anaweka rehani kwa Tamari: muhuri, kamba na fimbo. Rehani ile ndiyo iliyomwumbua, hadi akakiri mbele ya watu kwamba Tamari ana haki kuliko yeye.

Halafu njaa inakuja. Yusufu, ambaye hawamtambui, anawaambia wasirudi Misri bila Benyamini. Mzee Yakobo anakataa kumtoa. Hapa Biblia inatupa wadhamini wawili, tuwapime.

Wa kwanza ni Reubeni (42:37). Anamwambia baba yake: nisipomrudisha Benyamini, uwaue wanangu wawili. Sikia hiyo dhamana! Reubeni anaweka rehani uhai wa watu wengine. Na mzee anamkatalia, kwa sababu wajukuu wawili waliokufa hawawezi kumrudisha mwana mmoja.

Wa pili ni Yuda (43:9). Anasema yeye mwenyewe atakuwa mdhamini, Benyamini adaiwe mkononi mwake. Mzee anakubali.

Ninyi mlio kwenye sacco na vyama mnajua tofauti hiyo vizuri. Kumwombea mwenzako mkopo kwa maneno matamu hakugharimu kitu. Kutia sahihi kama mdhamini ni jambo lingine. Akishindwa kulipa, akiba yako ndiyo inayokatwa. Ndiyo maana Mithali 6:1–5 inatuonya tusikimbilie kumdhamini mtu ovyo. Biblia haichezi na jambo hilo, inajua gharama yake. Yuda naye aliijua gharama, na bado akatia sahihi. Yule aliyeuliza nitapata faida gani, sasa anasema nitalipa hasara.

4. OFA ILE ILE INARUDI

Sasa tuje sura ya 44, na hapa nataka usome polepole. Kikombe cha fedha kimepatikana kwenye gunia la Benyamini. Ndugu wote wanararua mavazi yao na kurudi mjini. Wanasema wote watakuwa watumwa. Yusufu anajibu (mstari wa 17) kwamba hapana, hawezi kufanya hivyo. Yule aliyepatikana na kikombe ndiye atakayebaki. Ninyi wengine pandeni kwa amani kwa baba yenu.

Ninyi nendeni, huyu abaki.

Je, umeiona? Yusufu amewaweka ndugu zake pale pale Dothani. Kuna mwana mpendwa wa Raheli, kuna utumwa wa Misri, na kuna njia wazi ya wengine kurudi nyumbani salama. Safari hii hata hawatakiwi kufanya dhambi yoyote. Watakiwe tu kukubali. Wageuze punda zao, waende, na wana kisingizio kizuri: kikombe kilikuwa kwenye gunia lake, si letu.

Yuda akakaribia. Hotuba yake ndiyo ndefu kuliko zote katika kitabu cha Mwanzo, na mwisho wake ni mstari wa 33: anaomba abaki yeye mtumwa badala ya kijana, kijana apande na ndugu zake. Aliyemuuza ndugu yake sasa anajitoa kuwa mateka kwa ajili ya ndugu yake. Yusufu hakuweza kujizuia tena. Alilia hadi nyumba ya Farao ikasikia.

Tukihesabu, Yusufu alikuwa na 17 alipouzwa, 30 aliposimama mbele ya Farao (41:46), kisha miaka saba ya shibe na miwili ya njaa (45:6). Ni kama miaka 22. Ilimchukua Mungu miaka 22 kumgeuza mtekaji kuwa mdhamini. Kwa hiyo usimkatie tamaa mtu.

Sasa turudi kwenye basi. Wale wenye bunduki walitoa ofa ile ile ya Mwanzo 44:17. Waislamu, ninyi nendeni kwa amani, hawa wabaki. Hawakutakiwa kumuua mtu, hawakutakiwa hata kumtukana. Walitakiwa wasogee tu hatua chache pembeni. Wakakataa kusogea.

SWALI GUMU

Najua kuna mpendwa atakayeuliza: pasta, unamsifia Mwislamu kwenye somo la kanisa?

Soma Luka 10. Barabara ya kushuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko ni barabara ya jangwa yenye wanyang'anyi. Kuhani akapita, Mlawi akapita. Aliyesimama ni Msamaria, mtu ambaye wasikilizaji wa Yesu wasingekaa naye meza moja. Yesu hakusema dini zote ni sawa. Wala mimi sisemi. Katika Yohana 4 alimwambia mwanamke Msamaria waziwazi kwamba wokovu unatoka kwa Wayahudi. Lakini alipotaka kumwonyesha mwanasheria jirani ni nani, alimwonyesha Msamaria, akamwambia aende akafanye vivyo hivyo. Anayeona aibu kujifunza kwa Salah Farah, amwambie Yesu alikosea kutumia mfano ule.

Na pia tuwe waadilifu. Abiria wa 2014 hatuwezi kuwahukumu. Hatukuwa pale, na mtutu wa bunduki haukuwa usoni petu. Swali letu ni jingine. Kama basi lingekuwa letu, sisi wengi na Mwislamu mmoja, tungesogea au tungekaa? Aprili 2014, baada ya mashambulizi Nairobi, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikusanywa katika msako wa polisi, na wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Wengi wao hawakuwa na hatia yoyote. Wangapi kati yetu tuliomba kwa ajili yao? Wengine tulisema afadhali wao.

5. MDHAMINI WETU

Haya yote yanaelekea wapi? Waebrania 7:22 inamwita Yesu mdhamini wa agano lililo bora. Na Yesu huyo alizaliwa katika kabila gani? Yuda! Mungu hakumchukua Reubeni, mzaliwa wa kwanza. Alichukua ukoo wa yule aliyejifunza kusema nibaki mimi badala yake.

Shetani alipotuteka alikuwa na ushahidi. Kwetu sisi kikombe hakikutiwa na mtu kwenye gunia, tulikiiba wenyewe. Na ofa ilikuwepo: Mwana angeweza kubaki kwa Baba salama, na sisi tubaki utumwani. Kule Gethsemane, walipokuja na panga na marungu, Yesu aliwaambia kama wanamtafuta yeye, basi wawaache wanafunzi wake waende zao (Yohana 18:8). Amegeuza maneno ya mtekaji! Hawa waende, mimi nibaki. Mathayo 20:28 inaiita kazi hiyo fidia ya wengi. Watekaji hudai fidia, na Bwana wetu alijitoa kuwa fidia. Haleluya.

TUFANYE NINI SISI WA KIIRUA?

Kutoka kwetu hadi Isiolo ni mwendo mfupi wa gari, na kutoka Isiolo barabara inafunguka kwenda Marsabit na Moyale. Mboga na viazi vyetu huteremka huko, na watoto wetu ni walimu na wauguzi kaskazini. Kwa hiyo somo hili ni letu.

Kwanza, tuwe na busara. Imani si kumjaribu Mungu. Mwerevu huona hatari akajificha (Mithali 22:3). Ukisafiri kaskazini fuata maagizo ya usalama, waarifu watu wako unapoondoka na unapofika, na ukiona jambo la kutilia shaka ripoti.

Pili, tukatae kutenganishwa kwa maneno. Ng'ombe wakiibwa, mwizi ni mwizi, atafutwe kwa jina lake. Usiseme "wale watu" ukimaanisha kabila zima au msikiti mzima. Ujumbe wa uchochezi ukifika kwenye simu yako, uishie kwako. Mtekaji anahitaji mstari ule uchorwe kabla hajafika barabarani.

Tatu, tuangalie mashimo ya nyumbani. Kuna familia hapa zimeketi kula huku mmoja wao yuko shimoni. Binti aliyerudi kutoka kwenye ndoa anaambiwa hana sehemu katika shamba. Kijana aliyeanza pombe hatajwi tena. Mjane anaachwa na deni lililoliwa na watu wengi. Sisi wengine tumekwenda kwa amani, yeye amebaki. Wiki hii mtafute. Kama unahitaji kutia sahihi ya kweli, hesabu gharama kwanza, kisha tia.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kwa nini Yakobo aliikataa dhamana ya Reubeni na kuikubali ya Yuda?
2. Je, kuna mtu ambaye kilio chake bado kinakufuata kama kile cha Mwanzo 42:21? Utachukua hatua gani?
3. Taja kundi moja la watu ambalo sisi hapa Kiirua tungelitenga kirahisi. Tuliombee kwa jina.

TUOMBE

Baba, katika jina la Yesu, tunawakumbuka wote walio mikononi mwa watekaji, na familia zinazongoja habari zao. Linda wasafiri wa barabara za kaskazini, madereva, walimu, wauguzi na askari. Faraji nyumba ya mwalimu Salah Farah na nyumba za wote waliouawa. Mguse mtekaji kama ulivyomgusa Yuda. Na siku tutakapoambiwa twende na ndugu yetu abaki, tupe neema ya kukaa naye. Amina.